Maji tunayoyachafua Msimbazi, tunayoyafuata Ruvu

Dar es Salaam ina mto wake unaokatiza katikati ya mji, na bado sehemu kubwa ya mji inakunywa maji ya mto mwingine unaotoka mkoa mwingine. Mto wa kwanza ni Msimbazi, unaanzia vilima vya Pugu huko Kisarawe, unashuka Kinyerezi, Segerea, Tabata, Vingunguti, Buguruni, Kigogo, Jangwani, mpaka unaingia baharini pale daraja la Salenda. Wa pili ni Ruvu, unatoka milima ya Uluguru, na maji yake yanasukumwa kwa mabomba makilomita mengi mpaka yatufikie. Msimbazi tumeugeuza mtaro, Ruvu tumeugeuza kisima, na kinachoniumiza ni kwamba mambo yaliyoua ule wa kwanza yanafanyika sasa hivi kwenye ule wa pili na hatushtuki.

Mimi naishi Tabata upande wa bondeni, kwahiyo Msimbazi kwangu sio habari ya kwenye ripoti. Naujua kwa harufu. Kiangazi unanuka yai bovu, masika unanuka matope na choo, na kuna siku maji yanapita yakiwa na rangi isiyoeleweka, mara bluu, mara wekundu wa kuiva, unajua tu huko juu kuna mtu kafungulia kitu.

Wengi wakiongelea uchafu wa mto wanaanza na taka ngumu, chupa na mifuko, kwasababu ndio zinaonekana. Mimi nataka nianze na choo, maana ndio tunaona aibu kukisema.

Sehemu kubwa ya Dar haijaunganishwa na mabomba ya majitaka. Watu wanatumia mashimo, wenye uwezo wana chemba na shimo la kunyonya, wengine wana shimo moja la choo wanalochangia wapangaji wa nyumba nzima. Bondeni maji ya ardhini yako juu sana, ukichimba kidogo tu unakutana nayo, kwahiyo vyoo vinajengwa vikiwa vimenyanyuliwa, unapanda ngazi mbili tatu kuingia, na shimo lenyewe nusu liko chini nusu liko juu ya ardhi limezungushiwa tofali. Sasa angalia ubavuni, upande wa mtaro. Utakuta kipande cha bomba la plastiki kimetokeza nje, kimezibwa kwa matambara na kiroba, kimefungwa na kamba ya katani. Kazi yake ni moja. Mvua kubwa ikishuka usiku, mtu anatoka na koti lake, anafungua ile kamba, anavuta matambara, na shimo linajimwaga mtaroni mpaka linabaki jepesi, asubuhi mvua imeshasafisha kila kitu na bomba limeshazibwa tena. Tunaita kutapisha choo. Kila mtu wa bondeni anakijua kitendo hiki, na kila mtu anajua nani wanafanya, na hakuna anayesema kwasababu huenda masika ijayo zamu ni yako.

Ni rahisi sana kumlaumu huyo mtu. Mimi simlaumu kihivyo, na nitasema kwanini. Gari la kunyonya majitaka haliingii kwenye vichochoro vyetu, bomba lake halifiki, na hata likifika gharama ya safari moja inaweza kuzidi kodi ya chumba ya mwezi. Anayekaa pale ni mpangaji, mwenye nyumba yuko sehemu nyingine kabisa na anachojua ni kupokea kodi ya miezi sita. Mpangaji akimpigia simu kwamba shimo limejaa anaambiwa changishaneni. Wanachangishana, mmoja hana, mwingine anahama mwisho wa mwezi, shimo linafurika uani ambako watoto wanacheza. Mvua inakuja. Wewe ungefanyaje?

Haya, tuseme umepata hela na gari limefika. Linaenda wapi? Sehemu mojawapo kubwa ni mabwawa ya majitaka ya Vingunguti. Yale mabwawa yanafanya kazi bila mashine ya ajabu, ni jua na muda tu. Majitaka yanaingia bwawa la kwanza ambalo ni la kina kirefu, tope linazama chini, bakteria wasiohitaji hewa wanalila, halafu maji yanahamia bwawa jingine pana lisilo na kina ambapo ukijani wa majini unatoa oksijeni na bakteria wengine wanamalizia, na la mwisho jua linaua vimelea. Ni mfumo mzuri kwa nchi yenye jua kama yetu. Lakini una masharti, lile tope la chini linatakiwa litolewe mara kwa mara, maji yanatakiwa yakae siku za kutosha, na usimwagie sumu maana ukiwaua wale bakteria umeua mtambo. Sasa ukichukua mabwawa yaliyojengwa kwa mji mdogo, ukaleta kinyesi cha mji ambao sensa ya 2022 imehesabu watu milioni 5.38, ukaongeza na majitaka ya viwandani yenye kemikali, maji yanapita haraka yakiwa nusu yamesafishwa. Na yakitoka pale yanaingia Msimbazi. Yani hata yule aliyefanya kila kitu kwa utaratibu, akalipa gari, kinyesi chake mwisho wa safari kinaweza kukutana mtoni na cha yule aliyevuta matambara usiku.

Halafu viwanda. Kuanzia Pugu Road kushuka bondeni kuna viwanda vya kila aina, vya nguo, rangi, sabuni, vinywaji, chuma, na machinjio yamekaa Vingunguti miaka na miaka, damu na kinyesi cha tumboni cha ng'ombe vilikuwa vinateremka moja kwa moja mtoni. Machinjio mapya ya kisasa yameshajengwa pale, hilo ni jambo la kushukuru. Gereji nazo, kila aliyebadilisha oili ya gari chini ya mwembe, ile oili chafu imeenda wapi? Imemwagwa chini, mvua imeibeba. Ila tusiweke vitu vyote kwenye mzani mmoja, mama anayefulia pale Kigogo na bomba la kiwanda linalofunguliwa usiku wa manane havilingani, na mimi nimechoka na kampeni ambazo kila mwaka zinamfundisha mama kutotupa ganda la ndizi wakati lile bomba linajulikana mtaa mzima.

Mto nao una uwezo wa kujisafisha. Kinyesi, damu, mabaki ya chakula, vyote hivyo kwa bakteria ni msosi. Wakila wanatumia oksijeni iliyo ndani ya maji. Uchafu ukiwa kiasi, maji yanavyotembea na kugonga mawe yanavuta hewa mpya, mambo yanajirudi. Ukizidi, oksijeni inaisha, samaki wanaanza kufa, anabaki kambale peke yake kwasababu yeye anaweza kupanda juu akavuta hewa, na baadae hata kambale hawezi. Hapo wanabaki bakteria wasiohitaji hewa na ndio wanaotoa ile harufu ya yai bovu. Na kiangazi ndio balaa zaidi, maji ya asili yanapungua lakini majitaka hayapungui, kwahiyo kinachopita pale ni uchafu mzito. Wazee wa Kigogo wanakwambia waliogelea humo wakiwa wadogo. Mwanangu mimi simruhusu hata kuvuka akiwa na kidonda mguuni.

Hayo yote ni uchafu unaooza. Madini mazito hayaozi. Risasi, kadmiamu na kromiamu, zikishaingia kwenye udongo wa bonde zinakaa humo. Watafiti wa hapa hapa nchini wamepima maji ya Msimbazi, udongo wake na mboga zinazolimwa kando, wakakuta haya madini, na wameshaandika hivyo muda mrefu tu. Tena mchicha na matembele ni hodari wa kuyavuta kutoka ardhini na kuyaweka kwenye majani. Kuosha hakusaidii kwa kilicho ndani ya jani, kuchemsha hakusaidii, kuchemsha kunaua vimelea vya tumbo lakini risasi haichemki ikaondoka. Na risasi kwa mtoto mdogo inagusa ubongo, inapunguza uwezo wa kujifunza, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa ni salama.

Nimewahi kusimama kwenye matuta asubuhi kununua mboga. Vijana wanachota maji mtoni kwa keni mbili, moja mkono huu moja mkono huu, wanamwagilia huku wanakimbia kati ya matuta, na wakishang'oa mchicha wanaususuza kwenye maji hayo hayo ili udongo utoke mizizini na fungu lipendeze sokoni. Nikamuuliza kaka mmoja kama haogopi. Akanijibu bila hasira, "Dada yangu, mimi nalala hapa, nakula hapa, watoto wanasoma kwa hii mboga. Maji ya bomba nikimwagilia nitauza fungu shilingi ngapi?" Sikuwa na jibu. Alinichagulia mafungu mazuri nikalipa. Mchicha ni mboga ya mtu wa kipato cha chini Dar, ndio inaokoa siku hela ikikata, kwahiyo wanaokula sumu ya mto ni wale wale ambao mto unapita mlangoni kwao. Ila sio peke yao, yale mafungu yanapakiwa kwenye bodaboda alfajiri yanaenda masoko yote, na mama lishe wa posta anapika, na meneja anakula.

Tukija kwenye mafuriko watu wanasema ni mvua. Mvua ndio, lakini bonde nalo limeharibiwa. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi kule mto unakoanzia imekatwa mkaa na kuvamiwa, kwahiyo maji ambayo yangezama ardhini yanateremka yote kwa pamoja na udongo. Huku kati tumeezeka mabati na kumwaga zege kila mahali. Mchanga unachimbwa mtoni kwa ajili ya kujengea nyumba hizo hizo, kingo zinaanguka, mto unatanuka unameza nyumba, watu wanajaza matairi na viroba vya taka kuzuia, vinaondoka na maji vinaenda kuziba darajani. Desemba 2011 mafuriko yaliua makumi ya watu na familia nyingi za bondeni zikapelekwa Mabwepande. Aprili 2018 tena, maji yakaingia yadi ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani, mabasi yakazama. Barabara ya Morogoro pale Jangwani kufungwa masika limekuwa jambo la kawaida, tunaangalia simu asubuhi kujua kama pamefungwa kama unavyoangalia saa. Na maji yakipungua yanaacha tope, na tope lile ni mchanganyiko wa kila nilichokitaja hapo juu, ndio watu wanalikomba ndani kwa mabeseni wakiwa peku. Kipindupindu kile cha Agosti 2015 kilianzia Dar kikasambaa mikoa mingi.

Sasa kwanini mji haukufa na kiu? Kwasababu tuna Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa 1959, Ruvu Chini 1976, leo baada ya kupanuliwa Ruvu Chini una uwezo wa lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu lita milioni 196. Namba hizo zinakupa moyo mpaka mvua ichelewe. Oktoba 2022 mvua zilichelewa, mto ukashuka, na mgao ukatangazwa rasmi. Nyie mliokuwepo mnakumbuka, dumu la lita ishirini lilipanda bei kila siku, maguta, zile baiskeli za miguu mitatu za kubebea mizigo, yakawa yanapita mtaani na maji ambayo huulizi yametoka wapi, maboza, yani malori ya maji, yakawa yanapigiwa simu kama ambulensi.

Mvua ni nusu ya maelezo. Nusu nyingine iko kule juu. Uluguru unakamata mawingu ya kutoka baharini, msitu unapokea ile mvua na ukungu, ardhi yake inafyonza na kuachia kidogo kidogo hata miezi isiyo na mvua, ndio maana mto unatembea mpaka Septemba. Ukikata msitu ukalima mteremko mpaka ukingoni, mvua inakimbia siku hiyo hiyo na udongo wako, masika unapata mafuriko ya rangi ya chai ya maziwa, kiangazi hupati kitu. Udongo ule mtambo unabidi uuchuje, dawa inatumika nyingi zaidi, gharama inapanda. Huku chini kuna mifugo mingi inashuka kunywa na kukanyaga kingo, kuna pampu za kumwagilia zenye kibali na zisizo na kibali, kuna wachimba mchanga. Na mkaa wa hiyo misitu unaliwa wapi? Hapa. Gunia linashushwa Tabata, Mbagala, Manzese. Sisi tunapiga kelele maji hayatoki huku jiko limewaka mkaa uliotoka kwenye chanzo cha maji. Simsemi mtu, gesi kuijaza ni hela nyingi kwa mkupuo, mkaa unanunua wa kupima.

Kuna mto unaitwa Ngerengere, unapita Morogoro mjini na ni tawi la Ruvu. Bwawa la Mindu linalonywesha Morogoro limejengwa juu yake. Ukishapita mji, mto unapokea majitaka ya mji na ya viwanda, na mbele kuna mashamba ya mkonge. Mkonge una shida ambayo wengi hatuijui, jani likichunwa uzi unaopatikana ni asilimia chache tu, kilichobaki chote ni nyama ya jani na maji ya kuoshea, na vikiachiwa mtoni vinakula oksijeni vibaya sana. Halafu Ngerengere inaingia Ruvu. Na Ruvu tunakunywa. Ndio maana nasema Msimbazi na Ruvu ni habari moja, hakuna kitu kilichoua Msimbazi ambacho Ngerengere hakipo, tofauti ni ukubwa wa mto na umbali tu.

Kuna wanaosema basi tuchimbe visima. Tulishachimba. Ukame wa 1997 ulifanya visima vichimbwe kwa wingi sana Dar, vya serikali na vya watu binafsi, na vikaendelea. Lakini maji ya ardhini hayana ukuta na yanayozunguka. Karibu na pwani ukivuta kupita kiasi, maji ya bahari yanasogea kuchukua nafasi, kisima kilichokuwa baridi kinaanza kuwa chumvi, unaosha vyombo sabuni haitoi povu, bomba linakula kutu. Na mitaa yenye mashimo ya vyoo kila baada ya hatua chache, kinachovuja chini kinaenda kisimani, hasa visima vifupi. Nyumba nyingi kwetu kisima na choo viko kiwanja kimoja. Ukipima umbali kati yake unaweza usinywe chai siku hiyo.

Sheria tunazo, mpaka unajiuliza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, ziwa au ufukwe. Rasilimali za maji zina sheria yake ya 2009, na kuna bodi ya bonde la Wami/Ruvu ya kutoa vibali vya kutumia maji na vya kutiririsha majitaka. Zile mita 60 nimeziona zikitumika, nazo zinatumika kwa tingatinga, kwenye vibanda na nyumba za tofali za kuchoma. Kwenye ukuta wa kiwanda sijaona tingatinga. Naandika hili kwa uchungu kabisa, kama mita ni 60 ziwe 60 kwa wote.

Yapo yanayofanyika na nayaheshimu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na kweli mitaro ilionyesha tofauti, ingawa chupa za maji na vifungashio vyepesi vinarudi kwa kasi. Mradi wa bonde la Msimbazi ulipata mkopo wa dola milioni 200 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2022, pale Jangwani daraja linyanyuliwe, yadi ya mabasi ihamishwe, chini iwe bustani ya jiji. Nyumba zimebomolewa, watu wamelipwa, wengine wamelalamika kwamba fidia haitoshi kununua kiwanja popote pa maana. Kidunda huko Morogoro bwawa lililosemwa kwa miongo mingi sasa linajengwa, litabeba lita bilioni 190 za kutuvusha kiangazi. Mazuri yote. Ila bwawa linahifadhi maji kwa idadi, haliyasafishi, na bustani ya Jangwani itakuwa inapokea chochote kinachoteremka kutoka Vingunguti. Kama majitaka hayatashughulikiwa juu, tutakuwa na benchi zuri la kukalia na kunusa.

Mimi ningeulizwa hela ianzie wapi, ningesema kwenye shimo la choo. Magari madogo ya kunyonya, hata ya miguu mitatu, yanayopita kichochoroni. Mitambo midogo ya kutibu kinyesi karibu na mitaa ili gari lisitembee mji mzima kumwaga pipa chache, hiyo imeshajaribiwa sehemu kadhaa hapa Dar na inawezekana. Mwenye nyumba abanwe kisheria, choo kikijaa ni chake, sio cha mpangaji. Na vipimo vya maji yanayotoka kila kiwanda vibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa kila mwezi, kama yanavyobandikwa mapato na matumizi, sisi wenyewe tutasoma.

Mtaani kwetu tumeanza na kidogo tulichoweza. Wakina mama wa kikundi cha vikoba tumetenga mfuko wa kunyonya vyoo, kila nyumba inachangia kidogo kila wiki, na tumepata jamaa wenye pampu ya mkono na mapipa wanaoweza kuingia ndani kabisa ambako gari halifiki. Nyumba kadhaa zimeshanyonywa kiangazi hiki na yale mabomba ya ubavuni tumeyaziba kwa saruji, wenyewe wakikubali. Imebaki nyumba ya kona, ina wapangaji wengi kuliko zote na mwenye nyumba anakaa Kimara, simu hapokei. Mjumbe amepata namba ya mdogo wake. Jumapili tunaenda watu wanne, pamoja na mwenyekiti wa mtaa, kabla mvua za Machi hazijaanza.